Forodhani Unguja au Mama Ngina Mombasa, wapi pazuri kula usiku na familia?

Mtoka Meru
Wakuu habari za jioni. Nasafiri na familia kwenda pwani na kikubwa ninachokifuata ni kile chakula cha usiku cha nje, pweza, mishkaki, juisi ya miwa, watu wanatembea huku upepo wa bahari unapiga. Nimebakiwa na sehemu mbili, Forodhani au Mama Ngina. Mliofika kote naomba ushauri maana nataka kulipia nauli wiki hii.

Bint Shangani
Forodhani, wala usiumize kichwa. Fika mapema kabla ya magharibi muwaone vijana wanavyochupa baharini kutoka ukutani, watoto watapenda sana. Giza likiingia meza zote zishawashwa taa, mkaa umeshika, unachagua mwenyewe ngisi, kamba, pweza, mkate wa kumimina, urojo. Bustani ilikarabatiwa ikafunguliwa tena 2009 kwa hiyo nafasi ya kukaa ipo, na Ngome Kongwe iko hapo hapo mbele yenu.

Mwambao77
Mkuu hujasema unatoka wapi, mko wangapi wala mnaenda mwezi gani. Watoto wana umri gani? Mnalala siku ngapi? Bila hayo kila mtu atakupeleka anakopapenda yeye.

Kibokoni Boy
Karibu Mombasa kaka. Mama Ngina imetengenezwa upya tangu 2019, pana upana, watoto wanakimbia, na meli zinazoingia Kilindini zinapita mbele yenu karibu kabisa. Viazi karai na ukwaju, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, mabuyu. Lakini nikwambie ukweli, hapa ni mahali pa kupunga upepo na kutafuna vitu vidogo vidogo, watu wanajaa kuanzia alasiri. Ukitaka kushiba, ingia Mji wa Kale usiku utafute mshikaki na mkate.

Mama Rahma
Kokote utakakoenda uliza bei kabla hujashika sahani. Mimi yalinikuta mji mmoja wa pwani, siutaji, nilikuwa na wanangu na dada yangu, kijana akatupokea kwa bashasha karibu mama karibu dada onja hiki onja kile, huku anapanga kwenye sahani, kamba, kipande cha samaki, kachori, chapati, sisi tunadhani anatuonyesha kumbe anahesabu, tukala, bei anayotaja unashika kichwa, kila kijiti kina bei yake na ile ya kuonja nayo imo, nikasema mwanangu hatukukubaliana hivi, wenzake wakasogea wakatuzunguka, dada yangu akaanza kutetemeka, nikalipa ili tuondoke. Usiku mwanangu wa mwisho akatapika mpaka asubuhi, na nina hakika ni yule samaki, alikuwa mkavu juu na katikati wa baridi, yaani ameokwa jana akapashwa leo. Hela inauma lakini mtoto kuugua ugenini inauma zaidi.

Bint Shangani
Pole sana mama Rahma. Wauzaji wa aina hiyo wanawaharibia wenzao wanaofanya kazi yao kwa haki. Meru, pita meza zote kwanza bila kununua, angalia wenyeji wamejipanga wapi, na vyakula vya baharini mwambie muuzaji akuokee mbele yako mpaka moto ufike ndani. Papasi, wale vijana wanaowaganda wageni, akikufuata mwambie asante, tembea.

Mtoka Meru
Samahani kwa kuchelewa. Tunatoka Arusha, mimi, mke wangu, watoto wawili wa miaka 6 na 9, na mama mkwe. Ni mwezi wa 7. Mama mkwe hajawahi kupanda boti na magoti yanamsumbua.

Mwambao77
Sasa unaona! Mwezi wa 7 ni kusi hiyo, bahari inachafuka, na boti ya kutoka Dar ni kama saa mbili majini. Huyo mama atateseka. Ama mpande ndege Arusha moja kwa moja mpaka Unguja, ama muende Mombasa kwa barabara, Holili, Taveta, Voi, mnafika bila kugusa maji. Zuri ni kwamba mwezi huo mvua za masika zimeshapita, kula nje hakuna shida.

Raskazone
Na Tanga je? Mbona hamuitaji kabisa? Barabara nzuri, watu wapole, samaki tele, hakuna anayekufuata na sahani.

Kibokoni Boy
Raskazone, Tanga naipenda lakini kaka kaulizia mahali penye shamrashamra za usiku. Tanga saa tatu watu wameshalala.

Raskazone
Sio kweli hata kidogo. Na mama mwenye magoti hahitaji shamrashamra, anahitaji kiti na kahawa.

Chapati Maji
Watoto wakifika Forodhani watataka Zanzibar pizza tu, waacheni wale. Unga unatandazwa mwembamba kabisa, nyama ya kusaga, yai, kitunguu, unakunjwa na kukaangwa. Kuiita pizza wanaikosea heshima, ile ni chapati iliyojazwa nyama na ni tamu kuliko pizza yenyewe.

Bint Shangani
Hapo sikubaliani nawe. Jina limeshazoeleka na limewapa vijana wengi riziki. Mimi ningewaanzisha na urojo, watoto uwapunguzie pilipili.

Kibokoni Boy
Urojo hata Mombasa upo.

Bint Shangani
Upo, ila mwepesi. Urojo unataka embe mbichi na ndimu vizungumze humo ndani, bajia ziwe ngumu kidogo, chipsi za muhogo juu.

Mtoka Meru
Asanteni wakuu. Mke wangu anataka ndege ya Unguja, mama mkwe ameshasikia habari ya Mombasa kwa basi na amefurahi. Nitarudi hapa. Bint Shangani, kutoka kwenye gari mpaka kwenye meza ni mbali? Viti vyenye egemeo vipo?

Bint Shangani
Gari inafika karibu, mtembee kidogo tu. Viti vingi ni vya zege, mbebeeni mto. Na mpe mama shikamoo zetu.

Chapati Maji
Jamani kuna anayejua pweza anachemshwa muda gani kabla ya kuokwa? Wangu kila siku anakuwa mgumu.

Mama Rahma
Usimtie chumvi mwanzoni. Mpige kwanza, kisha mchemshe moto mdogo. Ana kilo ngapi?