Nyumba ya ufukweni Rusinga: upepo wa ziwa unanihangaisha

MamaAtis_Kisumu: Hamjambo wandugu. Nina ploti Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, upande unaotazama ziwa peupe, hakuna kilima wala mti wa kukinga. Nilianza na jiko tu, mabati geji 32. Mwezi wa nne dhoruba ikapiga usiku, asubuhi jirani akanipigia simu: "Mama, mabati yako yamelala kwenye mihogo yangu." Nilipofika, misumari ilikuwa bado imesimama kwenye mbao, bati halipo. Sasa nataka nyumba yenyewe, vyumba vitatu na varanda. Mzee wangu anataka vioo kutoka sakafuni hadi darini upande wa ziwa. Nisaidieni kabla sijamlipa fundi.

fundi_mbita: Dada, misumari hiyo imeshakupa jibu. Bati jembamba huchanika pale kichwani pa msumari. Namba ya geji ikishuka, bati linanenepa, kwa hiyo nunua 28. Kingoni na kwenye kofia ya paa, piga msumari kila mgongo wa bati, maana upepo huanza kung'oa hapo. Lakini bati likishika mbao na mbao hazijashika ukuta, litaruka paa zima. Utepe wa chuma uzamishwe kwenye zege ya juu ya ukuta ikiwa bado mbichi, halafu ukumbatie mbao. Ukiona fundi anafunga kwa kawaya kamoja ka nondo, mwambie ashuke.

Paa literemke pande zote nne. Varanda ipe paa lake, chini ya lile kubwa. Likichukuliwa liende peke yake.

Jirani_wa_Nyamware: Upepo sawa, na maji je? 2020 ziwa lilipanda kuliko hata 1964. Mimi nilimtoa samaki kamongo chini ya kitanda, nikidhani ni kiatu. Usipime kutoka maji yalipo leo. Waulize wazee wa hapo yaliwahi kufika wapi, ujenge juu ya hapo.

MamaAtis_Kisumu: Woi! Mimi niko juu ya njia ya ng'ombe wanaposhuka kunywa, nitawauliza. Nijenge ukuta wa mawe wa kuzuia upepo?

fundi_mbita: Hapana. Upepo unauruka ukuta na kuangukia nyuma yake kwa fujo. Panda ua wa ojuok, yaani mnyaa, unauchuja. Vioo vikubwa mzee aweke ubavuni. Upande wa ziwa madirisha madogo yenye vibao vya kufunga, maana mchana upepo unatoka majini, usiku unageuka unatoka nchi kavu. Na weka wavu, la sivyo vile vijidudu vinavyokuja kama moshi vitafuata taa hadi kwenye ugali.

MamaAtis_Kisumu: Nimemsomea mzee yote. Kanyamaza kitambo, kisha akauliza huyo kamongo alikuwa kilo ngapi.

Jirani_wa_Nyamware: Hatukupima. Tulimla.