Tupeane uzoefu: rejeta (kipoozeo cha maji ya injini) ilikuonyesha dalili gani kabla gari haijachemsha?

Mwana wa Igoma: Wakuu, huku Mwanza kuanzia Kisesa mpaka Magu ukipita mchana hukosi kukuta gari imefungua boneti inafuka mvuke. Siku ya kuchemsha kila mtu anaijua, hiyo tuiache. Nauliza za kabla yake: uliona nini, ulinusa nini?

Naanza. Yangu ilikuwa inapunguza maji kwenye kichupa cha akiba, lakini chini hakuna hata tone. Nikalaza kadibodi usiku, asubuhi kavu. Fundi akaiwasha mpaka ikapata moto, akamulika tochi pale tanki la plastiki linapobanwa na alumini. Kuna ufa mwembamba kama unywele, na pembeni yake unga wa kijani umeganda. Ufa unaachia presha ikipanda tu, na maji yanakaukia juu ya rejeta yenyewe. Ukiona unga wa hivyo, wa kijani au wa pinki kutegemea kulanti yako (maji ya rangi ya kupozea injini), usisubiri dimbwi.

Binti Mwaloni: Kulanti ikivuja inanukia utamu-utamu, ila Noah yangu inabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, nani atanusa kitu humo 😂. Mimi nilishtuliwa na AC. Kwenye foleni ya Buzuruga inapuliza joto, tukikimbia inapoa. Mshale wa joto nao hivyo hivyo, unapanda tukisimama, unashuka tukitembea. Tukaambiwa feni. Feni nzima! Kumbe kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta ndogo inayokaa mbele) na rejeta palijaa wadudu wa ziwani, vumbi na manyoya, upepo haupiti. Pakaoshwa kwa maji ya presha ndogo, kutokea upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa inalaza mapezi, vile vibati vyembamba vya kupitisha upepo, na hapo umeharibu zaidi.

Dereva wa Nyegezi: Ya kwangu kinyume chake dada. Kwenye foleni imetulia, ila nikiwa na mzigo nikipanda kilima cha Bugando, mshale huo! Joto likipanda ukisimama, angalia feni na njia ya upepo. Likipanda kwa mzigo au mwendo mkali, huenda rejeta imeziba ndani. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa wa kuunguza, wa chini baridi. Themostati, kile kilango kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ikabadilishwa kwanza, hali ikabaki ile ile. Kushusha rejeta, tope la kutu. Aliyekuwa nayo kabla alikuwa anajazia maji ya ziwa. Maji matupu hayana dawa ya kuzuia kutu, na ya ziwa yanakuja na tope lake.

Mjomba: Mnajisumbua. Mwanza joto, toeni themostati, mtasahau habari ya kuchemsha.

Fundi wa Mkolani: Mjomba, shikamoo, ila hapo hapana. Bila themostati injini inachelewa kufika kwenye joto lake, inakula mafuta, na rejeta mbovu inajificha mpaka siku ya mlima.

Watu wanasahau kifuniko cha rejeta. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji matupu huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Kifuniko kikishika presha ya bar 1.1 ndiyo yanavumilia mpaka karibu 120. Raba yake ikichoka, kichupa kinafurika, maji yanachemka mapema, na rejeta nzima inasingiziwa. Anza na kifuniko, ndicho cha bei nafuu. Na msikifungue injini ikiwa ya moto, maji yanaruka usoni.

Mama Passo: Sisi wa vigari vidogo hatuna mshale, ni taa tu. Ya bluu ikiwa baridi, nyekundu ikishazidi. Katikati hapo huoni kitu, kwa hiyo nafungua boneti kila Jumamosi kabla haijawashwa.

Fundi wa Mkolani: Mama upo sahihi. Hata wenye mshale wasiuamini sana. Maji yakiisha kabisa, sensa, kile kipima joto cha injini, inabaki hewani, mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua.

Kapripointi: Ya kwangu ni otomatiki. Nafungua kichupa, naona uji wa pinki kama maziwa ya rozi. Kwenye otomatiki nyingi oili ya gia inapozwa ndani ya tanki la rejeta, na kibomba kikitoboka vinachanganyika.

Mwana wa Igoma: Duh. Giaboksi ilipona?

Kapripointi: Ilipona kwa sababu sikuiendesha tena, ilivutwa mpaka gereji. Rejeta mpya, oili ya gia ikabadilishwa kwa kurudiwa mpaka ikatoka safi, na mfumo wa maji ukaoshwa. Sasa inavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema bila shida.

Dereva wa Nyegezi: Fundi, tanki la plastiki likipasuka unabandika gundi au unabadilisha?

Fundi wa Mkolani: Gundi ni ya kukufikisha nyumbani tu. Badilisha tanki kama masega, ile sehemu ya katikati yenye mapezi, bado mazima, vinginevyo rejeta nzima.