Fimbo ya pool yenye kipete cha pembe ya ndovu: fundi niifanyie nini?

Fundi wa Shangani (Mtwara mjini) anauliza:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni fundi kereza. Miguu ya vitanda na meza ndiyo inayonilisha, lakini kwa miaka kadhaa sasa ninakarabati pia fimbo za pool, kwa kuwa vijana wa vibandani huzivunja kila wiki na hakuna mwingine anayezishughulikia.

Wiki mbili zilizopita jirani yangu aliniletea mgeni kutoka Marekani mwenye fimbo ya Kimarekani ya vipande viwili, ambayo anasema aliirithi kwa baba yake. Kile kipete cheupe cha kichwani, kinachokaa chini ya kingozi cha kupigia mpira, kimepasuka kwa urefu, na ndani ya ufa kumejaa vumbi la chaki ya buluu. Nilipokibandua kingozi kilichochakaa, niliona juu ya kipete mistari myembamba inayokatana kama nyuzi za wavu wa dagaa. Mgeni mwenyewe alithibitisha kwamba ni pembe ya ndovu, na anataka nimwekee kipete kipya cha pembe hiyo hiyo, kwa sababu, anavyodai, hakuna kitu kingine kinachotoa mlio ule.

Shemeji yangu aliposikia alisema kwamba kwao Liwale kuna bangili ya pembe iliyovunjika, mali ya marehemu babu yake tangu enzi za mkoloni, na kwamba kipande kimoja kingetosha vipete vitatu. Naomba kujua: je, kipande kidogo kuliko kifundo cha kidole, tena cha zamani kiasi hicho, kinahesabiwa na sheria? Na kama hakifai, nitumie nini badala yake?

Karani Mstaafu (Nachingwea) anajibu:

Ndugu fundi, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuwasha mashine. Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika mienendo ya kesi, na nakuhakikishia kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haina mizani ya kuuliza kama kipande ni kidogo au kikubwa. Jino la tembo, zima au lililochongwa, ni nyara ya Serikali, na anayekutwa nalo bila kibali anaweza kukabiliwa na kifungo cha miaka 20 hadi 30. Kusema kwamba kitu ni cha babu hakugeuki kuwa hati ya umiliki. Hiyo bangili isikatwe, wala shemeji yako asithubutu kuipakia kwenye basi kuja Mtwara. Familia iiache ilipo na kutoa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya, ikiwezekana wakiwa na wakili.

Liko jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Fimbo hiyo iko kwako. Mbele ya sheria, kuwa na nyara si lazima uwe mwenye mali. Kukutwa nayo dukani, hata kama umeachiwa kwa matengenezo tu, kunatosha kukufikisha kizimbani. Mrudishie leo.

Mgeni wako huenda amesoma nusu ya sheria za kwao. Marekani ilibana biashara ya pembe kuanzia tarehe 6 Julai 2016, ikaacha mlango mdogo kwa vitu vilivyokwisha kutengenezwa ambavyo pembe yake haifiki gramu 200, navyo vina masharti mengine kadhaa. Mlango huo ni wa biashara ya ndani ya nchi, na hata humo yapo majimbo, kama California na New York, yaliyoweka sheria zao kali zaidi. Kuvuka mpaka ni habari nyingine kabisa: ala za muziki za zamani zimewekewa utaratibu wake, lakini fimbo za pool hazimo.

Wala tusiseme kwamba haya ni ya kuletewa na wageni. Tanzania yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza, mwaka 1989, kwamba biashara ya pembe kati ya mataifa isimamishwe, na zuio likaanza Januari 1990. Watu wa Liwale wanaijua sababu. Katika mfumo wa ikolojia wa Selous, pori kubwa linalopakana nao, walihesabiwa tembo wapatao 109,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000.

Mchonga Mpingo (Newala) anajibu:

Sheria imeshaelezwa, nami nitabaki kwenye karakana. Kwanza tahadhari: kuna watakaokunong'oneza utumie jino la kiboko wa Ruvuma au la ngiri. Hayo nayo ni nyara, usiyaguse.

Kilicho halali na kilicho karibu ni mfupa wa ng'ombe kutoka buchani. Tatizo lake ni unene, kwa maana kichwa cha fimbo ya Kimarekani kina upana wa milimita 12 hadi 13, na ukuta wa mfupa mara nyingi haufiki hapo. Kwa hiyo chagua muundi wa dume mzee, ukate pale ukuta ulipo mnene. Sukuma uboho wote utoke, chemsha kwa moto mdogo kwenye maji yenye sabuni ya unga, ukibadilisha maji hadi yasielee mafuta, kisha anika kivulini, kamwe si juani, kwa wiki mbili au zaidi. Ukikereza, noa kisu vizuri na uvae barakoa, kwani vumbi la mfupa si la kuvuta.

Hata hivyo, ningekuwa mimi ningeagiza mfito wa melamini (plastiki ngumu) iliyotiwa kitambaa cha kitani, ambayo haipasuki kwa joto wala unyevu wa pwani yetu. Ipo pia resini iliyotengenezwa kuiga pembe ambayo huko nje inauzwa kwa jina la Juma. Msicheke, ndilo jina lake. Na ukitaka urembo kwenye kitako cha fimbo, mpingo wetu upo, mradi uununue wenye nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu, na ukumbuke kwamba tangu Januari 2017 nao una masharti ya kimataifa unaposafirishwa nje.

Mzee wa Mikindani anajibu:

Wanangu, mimi ni mchezaji tu. Pembe ni nzito kuliko plastiki nyingi za vipete, na kadiri kichwa cha fimbo kinavyokuwa kizito, ndivyo mpira mweupe unavyopotoka zaidi njia yake unapopigwa pembeni. Ndiyo maana watengenezaji wa sasa wanapunguza uzito huko mbele. Mgeni analilia sifa, si shabaha.

Tena mchezo wenyewe ulikwisha kuizoea hasara hii. Zamani mipira yote mizuri ya biliadi ilichongwa kwa pembe, na bandari hizi zetu za Mikindani na Kilwa Kivinje zilipitisha shehena zake. Mwaka 1863 wauza meza wa New York walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala, na utafutaji huo ndio uliomsukuma John Wesley Hyatt hadi akafikia seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo. Leo mipira yote ni ya resini na hakuna anayelalamika.

Fundi wa Shangani:

Nawashukuru sana wazee wangu. Fimbo nimemrudishia mwenyewe jioni ile ile mbele ya jirani. Alinuna, akaniambia kwamba atatafuta fundi mwingine, nami nikamweleza aliyoyasema Karani kuhusu kukutwa nayo. Shemeji ameshapiga simu Liwale kwamba bangili isisogezwe. Muundi nimechemsha. Kipete cha kwanza kilipasuka nilipokitoboa kwa sababu nilikuwa na haraka na mfupa ulikuwa bado na unyevu. Cha pili kinakauka kivulini, juu ya kabati, paka asipofika.