Mrejesho: Gia za difu kwa pikapu yenye tairi za inchi 35

Wakuu, niliuliza uwiano gani wa difu (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu; 4.10 maana yake shafti huzunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja) unafaa pikapu ya manyuo (gia za mkono) iliyotoka kiwandani na tairi za inchi 31 na difu za 4.10, sasa inavaa inchi 35.

Hesabu: 4.10 × 35 ÷ 31 = 4.63. Zinazopatikana ni 4.56 na 4.88. Nimechukua 4.88, maana namba kubwa huvuta zaidi, gari linabeba mzigo, na foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, haijui gia ya tano. Kwa safari ndefu bila mzigo, 4.56 ingetosha.

Badilisha mbele na nyuma kwa pamoja. Zikitofautiana, siku ukiingiza foo-wili (magurudumu yote manne yavute) kwenye lami kavu utavunja kitu.

Kazi iko kwenye kufunga. Krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) huja jozi, usichanganye. Mchezo wa meno (nafasi ndogo kati ya meno ya gia hizo mbili) umewekwa milimita 0.15 kwa saa ya kupimia, si kwa kutikisa na mkono kama wengi wanavyofanya. Halafu rangi kwenye meno, ili kuona yanagusana wapi: mara ya kwanza alama ilikaa nchani mwa jino, yaani pinioni iko mbali na krauni. Shimu (kipande chembamba cha chuma cha kusogeza pinioni) nene zaidi ikairudisha alama katikati. Spesa ya kubonyea (bomba dogo la kwenye pinioni linalobonyea nati ikikazwa) nunueni mbili. Ukipitiliza kukaza, hairudi.

Kwa tairi na difu hizi mpya, spidomita ikisoma 80, GPS inasema 76. Baada ya kilomita 800 bila trela, oili ya difu imemwagwa: unga laini wa chuma tu, hakuna vipande.