Dansi ya wanawake karibu na Paki ya Zamani, Kampala: ulinzi wa wachezaji uwekwe wapi?

Mtunzi wa Hatua aliandika:

Salamu kwenu wanajukwaa. Ninatunga dansi ya kisasa pamoja na wanawake tisa, na tumekubaliana kwamba itachezwa barabarani, si ukumbini. Tumechagua kipande cha njia kati ya Paki ya Zamani ya teksi na Mtaa wa Luwum, saa kumi na moja jioni, wakati watu wanapomiminika kutoka kazini na mwanamke anapita hapo akijua kwamba ataitwa, atapigiwa mluzi, na pengine atashikwa mkono.

Dansi yenyewe haina hadithi ndefu. Tumechukua vitendo ambavyo kila mwanamke wa mji huu huvifanya bila kufundishwa, kama vile kuhamishia mkoba kifuani, kujifanya unazungumza kwenye simu isiyo na mtu, au kuvuka barabara kabla ya kukifikia kikundi cha vijana waliokaa kwenye boda boda zao, kisha tukavigeuza kuwa miondoko. Mmoja anaanza kutembea peke yake, wa pili anaichukua hatua yake, wa tatu anafuata, mpaka wote tisa wanatembea kama mtu mmoja.

Sasa nieleze kilichonileta. Katika zoezi letu la tatu pale pale mtaani, tukiwa tumevaa nguo za kawaida na bila muziki wowote, mwanamume mmoja alimshika mchezaji wetu kwenye kifundo cha mkono na kumvuta kuelekea dukani, kama wavutaji wa wateja wanavyowafanyia wapita njia wengi katika eneo hilo. Mchezaji aliganda. Wenzake wanane, ambao dansi nzima inadai kwamba wako pamoja naye, waliendelea na hesabu yao mpaka ilipofika nane, ndipo wakageuka. Aliyemwokoa ni mama anayeuza uji kando ya njia, ambaye alipiga upawa wake juu ya kifuniko cha sufuria mara tatu, kwa nguvu, bila kusema neno. Wauzaji wenzake wakainua vichwa, na yule mwanamume akauachia mkono.

Tangu siku hiyo kikundi kimegawanyika. Wako wanaotaka tuombe askari polisi watusimamie, wako wanaotaka uzio wa kamba na vijana wa ulinzi, na wako wanaosema turudi ndani ya ukumbi. Hakuna hata moja linaloniridhisha. Tukizungushiwa kamba tutakuwa tumejenga ukumbi barabarani, na mwanamke anayepita nje ya kamba atabaki na hatari yake vile vile. Hata hivyo, siwezi kuwaambia wasichana wa watu wajitolee kushikwashikwa kwa ajili ya sanaa yangu. Wengi wetu hatujasahau mwaka 2014, ambapo Sheria ya Kupinga Ponografia ilitiwa saini mwezi wa Februari, na muda si mrefu makundi ya wanaume yakaanza kuwavua wanawake nguo mitaani kwa kisingizio kwamba sketi zao ni fupi. Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vikuu vya sheria hiyo mwaka 2021, lakini mikono iliyozoea haikusoma hukumu.

Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kucheza au kuandaa onyesho mahali pa wazi.

Binti wa Bombo alijibu:

Dada Mtunzi, pole kwa yaliyomkuta mchezaji wako. Ninafundisha dansi, na nitasema jambo ambalo huenda likakuudhi: kosa halikuanzia kwa yule mwanamume peke yake, lilianzia kwenye hesabu yenu. Umewafundisha wanawake wanane kuhesabu, hukuwafundisha kuonana. Mchezaji anayehesabu moja mpaka nane kichwani amefunga mlango. Hata jirani yake akianguka, atakanyaga hatua ya sita na ya saba kwanza.

Nimekulia Bombo, ambako wanawake wa Kinubi hucheza doluka kwenye harusi. Sijawahi kumsikia shangazi yangu hata mmoja akihesabu. Anayecheza anamtazama mwenzake begani, na wanaoimba wanaitazama miguu yake, hivyo akichoka wanajua kabla yeye mwenyewe hajajua. Ondoa hesabu. Mpe anayeongoza ishara, iwe pumzi inayosikika au bega linaloshuka, na ishara hiyo ihame kutoka kwa mmoja hadi mwingine ili kila mtu alazimike kutazama. Baada ya wiki mbili za mazoezi ya namna hiyo, mkono ukimgusa mmoja wao, wote watajua papo hapo.

Kisha weka kusimama ndani ya dansi yenyewe. Mkubaliane kwamba mchezaji yeyote akiguswa na mtu wa nje, wote husimama mahali walipo, hugeuza nyuso kumwelekea aliyegusa, na kutulia. Hapana kelele, hapana kusukumana. Mwanamume aliyezoea kujibiwa kwa matusi au kwa kukimbiwa hana jibu kwa macho yaliyotulia ya wanawake tisa. Mkiifanya mara kadhaa hata pale ambapo hakuna aliyeguswa, watazamaji watadhani ni sehemu ya utunzi, na itakuwa kweli ni sehemu ya utunzi.

Lipo pia suala la kiuno. Wapita njia wa Kampala wanaijua bakisimba, ngoma ya Kiganda ya kuzungusha kiuno, tangu utotoni. Kiuno kikianza kuzunguka, umati unageuka kuwa umati wa harusi, watu wanapiga vigelegele na wengine wanakuja kutuza noti. Hakuna ubaya katika bakisimba, ila itakuondolea ulichokwenda kukisema. Mimi ningekificha kiuno mpaka karibu na mwisho, au nisikitumie kabisa.

Viatu viwe vya kufunga na vyenye soli ya mpira, maana njia ile ina matope ya mfereji hata siku isiyo na mvua. Na wawepo wanawake wawili wasiocheza, waliovaa kama wapita njia, ambao kazi yao ni kuangalia tu.

Karani wa Sheria alijibu:

Nitagusia upande wa vibali peke yake. Ibara ya 29 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mtu uhuru wa kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Kusimamia Utulivu wa Umma ya mwaka 2013 ndiyo iliyowapa polisi mamlaka mapana juu ya mikutano, lakini kifungu chake cha 8, kilichowaruhusu kuizuia au kuitawanya, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi wa Machi 2020. Zaidi ya hayo, tafsiri ya mkutano wa umma katika sheria hiyo inaiweka kando mikusanyiko ya shughuli za kijamii na kitamaduni.

Hayo ni maandishi. Barabarani askari hatafungua kitabu. Kwa hiyo ipelekeeni Mamlaka ya Jiji la Kampala barua fupi kuhusu matumizi ya njia, mkaeleze mahali, muda na idadi ya wachezaji, mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kisha mkamwamkie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ana kwa ana. Askari akija, anayezungumza naye awe mmoja, asiwe mchezaji, na awe na nakala hiyo mkononi. Msiwaombe ruhusa ya ujumbe wenu. Mnaarifu kuhusu matumizi ya njia, hamwombi kibali cha kuwa na la kusema.

Mkazi wa Nansana alijibu:

Ninaheshimu kazi ya sanaa, lakini nitauliza swali ambalo wengine wanalizunguka. Ninaishi Nansana, nje kidogo ya Kampala. Mwaka 2017 wanawake zaidi ya 20 waliuawa huku kwetu na upande wa Entebbe, na kwa miezi kadhaa hatukumruhusu binti kutoka nje baada ya magharibi hata kwenda kununua chumvi. Tarehe 30 Juni 2018 wanawake waliandamana Kampala kudai majibu. Yale yalikuwa madai yenye anwani, yalielekezwa kwa polisi na kwa serikali. Dansi yenu inamdai nani? Mpita njia atarekodi kwa simu, ataituma kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na maneno machafu, na kesho yake mchezaji wako atatambuliwa kwenye teksi na watu asiowajua. Mmelifikiria hilo, au mmefikiria kushikwa mkono tu?

Binti wa Bombo alijibu:

Ndugu wa Nansana, swali la simu ni la haki, na ninakiri kwamba sikulifikiria. La kwamba dansi haidai kitu sikubaliani nalo. Kikundi cha LasTesis kutoka Valparaíso nchini Chile kilicheza mtaani mwezi wa Novemba 2019 huku wachezaji wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, wakawanyooshea kidole polisi, mahakimu na dola, na baada ya majuma machache wanawake wa nchi nyingi walikuwa wakiicheza kwa lugha zao. Iliwezekana kwa sababu miondoko ilikuwa rahisi, hata mtu asiyewahi kukanyaga jukwaa aliweza kujifunza kwa nusu saa.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mwaka 2012 akina mama wa Amuru, huko Acholi kaskazini mwa Uganda, walivua nguo mbele ya maafisa waliokuja kupima ardhi yao. Hawakuwa na bango refu. Kila aliyekuwepo aliujua uzito wa mama kufunua mwili wake kwa hasira. Huo ni mwili ukidai, na anwani yake ilieleweka.

Kuhusu simu, labda dansi ianze nyuso zikiwa zimefunikwa kwa leso, na kila mchezaji aamue mwenyewe kama ataifunua.

Muuza Vitambaa alijibu:

Hamjambo. Mimi nina meza ya vitambaa Kiyembe, na Kiswahili nilikipata Mombasa nilipokuwa nikifuata mizigo. Nimesoma yote mliyoandika, na ninaona mnazungumza kuhusu mtaa kana kwamba hauna wenyewe.

Ule upawa haukuwa bahati. Sisi tunaokaa pale tuna namna zetu. Mmoja anapiga sufuria, mwingine anakunjua kitambaa na kukipepea juu, mwingine anaita jina la kijana kwa sauti, jina alilopewa na mama yake, si lile la mtaani. Vijana wale tunawajua. Wanalipwa kwa kila mteja wanayemwingiza dukani, ndiyo maana mikono yao haitulii, na wenye maduka wanajua hivyo na wananyamaza kwa kuwa wananufaika. Kama dansi yenu inatafuta wa kumdai, Ndugu wa Nansana, anzieni kwa mwenye duka aliyekaa ndani akihesabu pesa.

Mwanangu Mtunzi, ulimshukuru yule mama? Uliuliza jina lake? Sikulaumu, lakini umeandika aya nne kuhusu mshikamano wa wanawake, na mwanamke pekee aliyeshikamana siku ile yuko nje ya dansi, kando ya njia, na sufuria yake.

Tena saa kumi na moja ni saa yetu ya kuuza. Mkituzibia njia kwa nusu saa, hata sisi tutawachukia. Njooni saa tisa, watu ni wachache kidogo, na mje zaidi ya mara moja. Mgeni anayekuja mara moja ni sinema. Akija kila Jumanne, kijana anayevuta mikono ataanza kuwasalimu.

Mtunzi wa Hatua alijibu:

Shikamoo Mama, na asante. Sikuuliza jina lake, na nilipousoma ujumbe wako nilitamani ardhi inimeze.

Jana nilikwenda na wachezaji wawili, tukanywa uji na kukaa mpaka alipopata nafasi ya kuzungumza. Nilimweleza kwamba tumeitupa hesabu ya nane na kwamba tunatafuta sauti itakayotuongoza badala ya ngoma. Alicheka sana. Kisha akatoa masharti: atapiga sufuria mwenyewe, hatampa mtu mwingine upawa wake, hataki kupigwa picha, tusimwage maji wala kusimama mbele ya meza ya jirani yake anayeuza nyanya, na siku tukicheza, wachezaji wote tisa wanywe uji kwake, na walipe.

Barua imepelekwa na nakala ya mhuri ninayo. Leso zimekubaliwa na wachezaji saba, wawili wanataka kucheza nyuso wazi, na nimewaachia. Yule aliyeshikwa mkono ndiye aliyeomba kuanza peke yake. Askari na kamba tumeviacha, ila wale wanawake wawili wa kuangalia tumewaongeza wakawa wanne, na mmoja ataketi mlangoni mwa lile duka, mahali ambapo mwenye duka atamwona.

Bado kuna jambo moja sijalitatua. Mama wa uji hupiga mara tatu, lakini hapigi kwa kasi ile ile, na jana alipokuwa akituonyesha, pigo la tatu lilichelewa kila mara, kwa sababu kati ya la pili na la tatu huinua kichwa kutazama kama wenzake wamesikia. Nimejaribu kuitunga hatua inayosubiri muda huo, mguu mmoja ukiwa hewani, na wachezaji wanayumba. Binti wa Bombo, ukipata nafasi Jumanne saa tisa, karibu utusaidie.