Naomba ushauri: TMRM inatoka kwenye mitokondria nikianza kupiga picha

Wakuu, nawauliza mnaotia rangi mitokondria za seli hai. Natumia seli za HeLa kwenye vyombo vyenye sakafu ya kioo, TMRM (rangi inayong'aa, hujikusanya ndani ya mitokondria kufuata volteji ya utando wake) nanomola 20, dakika 30 kwa nyuzijoto 37. Siioshi, rangi inabaki humo humo wakati wa picha, maana ukiiondoa inavuja na vipimo vyote vinapotoka.

Fremu za mwanzo ni safi, nyuzi nyembamba zimetanda kuzunguka kiini. Baada ya muda nyuzi zinakatika vipande vya duara, na mng'ao unasambaa kwenye sitoplazimu hadi ndani ya kiini. Seli za pembeni ambazo leza haijazigusa, chombo kile kile, ziko salama, kwa hiyo nashuku mwanga kuliko sumu ya rangi yenyewe. Leza iko asilimia 1 tayari. Nipunguze muda wa kumulika, au niachanishe fremu?

La pili: FCCP (kemikali ya kuangusha volteji hiyo, naitumia kama kipimo cha kulinganishia) mikromola 1 haizimi mng'ao wote. Midia yangu ina seramu asilimia 10, na albumini, protini ya seramu, huinasa FCCP. Mnaongeza dozi au mnahamia bafa isiyo na seramu?

Tafadhali msinielekeze kwenye MitoTracker Red, rangi nyingine ya mitokondria. Nataka kuona volteji ya utando ikipanda na kushuka, na ile ikishashikana na protini haiachii hata volteji ikianguka.