Naomba ushauri: elevesheni zangu (michoro ya uso wa jengo) zinaonekana bapa, nikazanie mkono au nisubiri kompyuta?

Mwanastudio
Habari zenu wakuu. Nasoma usanifu majengo mwaka wa kwanza, hapa Dar. Muhula huu kompyuta haziruhusiwi studio. Kazi zote ni tii-skweya (rula yenye umbo la T), penseli na kalamu za wino kwenye karatasi ya A1. Plani, yaani michoro ya jengo kutoka juu, nazimudu, vipimo havinisumbui. Kasheshe ni elevesheni na kupaka rangi. Kwenye uwasilishaji uliopita mwalimu alisema ukuta, dirisha na paa vyote vimelala pamoja, hakuna kilicho mbele wala nyuma. Wenzangu wanasema nivumilie, mwaka wa pili tutaanza programu za kompyuta, SketchUp na Lumion, vivuli vitajipanga vyenyewe. Lakini naipenda kazi hii, nataka mkono wangu uijue. Nianzie wapi?

Fundi Penseli
Mdogo wangu, rangi iache kwanza, shika mistari. Kwenye seksheni, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima, kilichokatwa kipige wino mnene, kalamu ya milimita 0.5 au 0.7, kilicho nyuma yake 0.3, matofali na vigae 0.1 tu. Elevesheni nayo ina ngazi zake: mzunguko wa jengo dhidi ya anga uwe mnene, kona ya ukuta uliosogea mbele ifuatie, fremu za madirisha ziwe nyembamba. Kisha ibandike ukutani uitazame kwa mbali. Isomeke hata bila tone la rangi.

Bi Mizani
Naungana naye, ila kinachoua elevesheni nyingi za wanafunzi ni vivuli vya kubahatisha. Kwa desturi mwanga tunauleta kutoka juu kushoto, nyuzi 45, na hapo hesabu inakuwa rahisi sana. Paa likichomoza sentimita 60 nje ya ukuta, kivuli chake kinashuka sentimita 60 ukutani. Kwa skeli ya 1:50, yaani mchoro mdogo mara 50 kuliko jengo, hizo ni milimita 12. Dirisha lililoingia ndani sentimita 20 linapata kivuli cha milimita 4, juu na upande wa kushoto. Pima, chora kwa penseli ngumu ya 2H, ndipo upake. Na usipake nyeusi tii, matofali yaendelee kuonekana ndani ya kivuli.

Mwanastudio
Asanteni sana. Na rangi ya maji? Karatasi inajikunja, inabaki na madoa.

Fundi Penseli
Tafuta karatasi ya gramu 300, ibandike tepu pande zote nne kwenye ubao. Inamisha ubao kidogo, vuta rangi kutoka juu kwenda chini, usirudie palipoanza kukauka. Nyepesi kwanza, ikikauka kabisa, ongeza nyingine.

Narenda Kila Siku
Niko ofisini, Lumion ndiyo kazi yangu. Programu inapiga kivuli, ila jua unaliweka wewe. Dar mwezi wa sita jua la mchana liko kaskazini. Desemba linahamia kusini kidogo. Nimeona picha za nyumba ambazo ukuta wa kusini unawaka jua la mchana wa Juni. Mteja anazipenda, anajenga, halafu baraza lake halipati jua hilo. Chukua daftari uende Kanisa la Azania Front asubuhi. Juu ya madirisha kuna vijipaa vya vigae. Chora vivuli vyake, kisha rudi saa tisa alasiri uchore tena dirisha lile lile.

Mwanastudio
Nitaenda Jumamosi. Bi Mizani, nikitumia 1:100?

Bi Mizani
Nusu yake. Paa lile lile linakupa milimita 6. Ukimaliza weka picha hapa tukuangalizie.